Linki ipo, kamisheni haipo

Maduka ya mtandaoni, hebu tuelewane. Mnampa dalali linki aitangaze bidhaa yenu kwa kamisheni, halafu kwenye ukurasa huohuo mnaweka kitufe kikubwa cha kijani: "Agiza kwa WhatsApp". Mteja anabonyeza, anaagiza kwa meseji, analipa kwa M-Pesa. Mfumo unasoma sifuri, kwa sababu kuki, kijifaili cha kwenye kivinjari kinachokumbuka mteja ametoka kwenye linki ya nani, hurekodi anayelipia kwenye tovuti tu. Aliyemleta mteja anaambiwa "hujauza kitu". Hata mteja akifungulia linki ndani ya Instagram kisha akaenda kulipia kwenye Chrome, kuki haimfuati.

Dawa si ngumu. Kila dalali apewe msimbo wake mfupi, tuseme ASHA5, umpe mnunuzi punguzo la asilimia 5. Anayejibu WhatsApp aulize msimbo kabla ya kutuma namba ya kulipia, auandike kwenye oda. Basi.

Kingine ni kubadilisha viwango vya kamisheni kienyeji. Amazon yenyewe, Aprili 2020, ilishusha kamisheni ya fanicha kutoka asilimia 8 hadi 3 kwa taarifa ya takriban wiki moja. Kubwa lile watu wanalivumilia. Ninyi wenye oda 20 kwa wiki mtabaki na nani? Toeni taarifa ya siku 30.

Na bidhaa ikiisha, msifute ukurasa, linki ya dalali itakufa! Uelekezeni kwenye bidhaa inayofanana. Malipo ya dalali nayo yasubiri muda wa kurudisha mzigo upite, siku 7 au 14 mlizoandika wenyewe, si "mpaka bosi arudi safari".