"Active" si habari njema

Saa nne kamili usiku simu iliita. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa Mtumba, Dodoma, kwenye ofisi moja iliyokosa intaneti tangu jioni. "Kaka, nimeangalia. BGP iko active. Hapa wa kupigiwa ni watu wa mkongo."

BGP ndiyo lugha ambayo ruta za mitandao tofauti huitumia kuambiana njia za kupitisha data. Nikamwomba aandike show ip bgp summary, kisha anisomee mstari wote wa jirani, yaani ruta ya upande wa pili, safu kwa safu, bila kuruka. Akasoma anwani, namba ya AS (utambulisho wa mtandao wa jirani), jumbe zilizoingia na zilizotoka. Chini ya Up/Down: 02:14:07. Safu ya mwisho: Active.

Neno hilo limewapotosha wengi, na siwalaumu. Mtu akiona "active" anaelewa kitu kiko hai. Kwenye BGP maana yake ruta inahangaika kufungua TCP, yaani muunganisho wa kubebea mazungumzo, na jirani, na bado haijampata. Kikao kikifunguka, safu ile huonyesha namba, yaani idadi ya njia zilizopokelewa kutoka kwa jirani. Ukikuta neno pale, iwe Idle, Connect au Active, ujue hakuna kikao.

Na ile saa? Ilikuwa inahesabu tangu kikao kianguke. Ukirudi nyuma unafika saa moja na dakika arobaini na sita. Nikamuuliza nani aligusa ruta muda ule. Kwanza akampigia jirani ping, yaani ujumbe wa kujaribu kama anafikika, akajibiwa vizuri. Kumbe mkongo ni mzima. Kisha akafungua kumbukumbu za ruta: dakika chache kabla, mtu alikuwa ameongeza kanuni ya ulinzi iliyofunga mlango 179 wa TCP, ambao ndio BGP inautumia. Ruta ilisubiri sekunde 180 bila kusikia salamu ya jirani, ikakata kikao. Kanuni ikarekebishwa, na muda si mrefu pale penye Active pakatokea 2.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wetu tungezima ruta na kuiwasha. Ukifanya hivyo, ile 02:14:07 inapotea, na ndiyo iliyotuonyesha pa kutafuta. Nakili kwanza kila kilicho kwenye skrini, hata kama bosi amesimama mlangoni.

Namba nayo isikupumbaze. Ukiona 0, kikao kipo lakini hujapokea njia hata moja: pengine jirani hatangazi kitu, pengine kichujio chako mwenyewe kinazitupa. Na kwenye show ip bgp, amri inayoorodhesha njia zenyewe, njia yenye nyota bila alama ya > haijachaguliwa. Kama njia ya kufika huko ni hiyo moja tu, angalia next hop, yaani anwani ya ruta inayofuata kwenye njia hiyo. Ruta ya mpakani inapompa njia ya nje mwenzake wa ndani, kwa kawaida haibadilishi next hop, na yule wa ndani huenda hajui hata pa kuipata anwani hiyo. Hapo amri ya next-hop-self, inayoifanya ruta ya mpakani iweke anwani yake yenyewe, hutatua.

Vijana wanatoka vyuoni wakizijua amri zote kwa kichwa, ila hawajawahi kuwekewa mbele matokeo ya mtandao ulioharibika wakaulizwa kila safu inasema nini. Huyu wangu nimemwandikia safu zote kumi za summary kwenye daftari. Kila Jumatatu namletea mstari mmoja wenye ugonjwa, ananisomea kwa sauti kabla hajagusa kibodi.