Tulichotafuta kwenye sheria kali za usalama

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, kuelekea Nairobi lilivamiwa alfajiri, watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye wakauawa wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe, huko huko Mandera. Kwa hiyo simlaumu mtu aliyetaka serikali ikaze kamba. Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama tarehe 18 Desemba, tena kwa vurugu, wabunge wakishikana mashati.

Februari 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu 8 vya sheria hiyo. Kimoja kilivizuia vyombo vya habari kutangaza uchunguzi wa ugaidi bila idhini ya polisi, kingine kiliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima. Kifungu cha kunasa mawasiliano ya washukiwa wakakiacha. Naona walipima vyema: kumfuatilia mshukiwa kunaweza kuzuia shambulio, ila kumziba mwandishi mdomo kunamkinga ofisa aliyezembea.

Tarehe 2 Aprili, Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, wakaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wanaosema mahakama iliifunga serikali mikono huanzia hapo, na hoja yao nzito ni makurutu 10,000 wa polisi ambao usajili wao ulifutwa na mahakama mwaka 2014. Uhaba wa askari ulikuwa wa kweli. Lakini usajili ule ulijaa hongo, na askari aliyenunua kazi ataanza kwa kurudisha pesa zake. Siku yenyewe ya Garissa, shambulio lilianza alfajiri; kikosi maalumu cha polisi, Recce, kilifika mchana kutoka Nairobi, na kilipoingia jioni hakikuchukua muda kumaliza kazi. Hakuna kifungu kati ya vile 8 ambacho kingewafikisha mapema.

Kuna gharama nyingine. Katika msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, Aprili 2014, maelfu walikamatwa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, na wengi wakafungiwa uwanja wa michezo wa Kasarani. Wenye pesa waliachiwa njiani. Mama wa Kisomali aliyetoa hongo ili mwanawe asipandishwe lori hatawapigia polisi simu akimwona mgeni wa kutiliwa shaka. Na simu hiyo ndiyo tunayoihitaji. Desemba 2015 basi jingine lilivamiwa Mandera, abiria Waislamu wakakataa washambuliaji wawatenge na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Alikuwa Mkenya Msomali, wa jamii ileile iliyosombwa kwa malori chini ya miaka miwili kabla.