Sokwe wa Kibale, Waik wa Kaabong na kisingizio cha damu

Kabla posa haijakubaliwa, iwe Bombo, Arua au Kampala, kuna mzee hutumwa kimyakimya kuulizia ukoo wa upande wa pili. Haulizii mali tu. Anataka kujua kama kwao kuna kifafa, kama kuna wehu, kama wanaume wao hupiga wake, kama kuna aliyewahi kufungwa kwa wizi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, atasema akirudi. Lakini siku kijana wake mwenyewe akizama kwenye waragi, mzee huyo huyo hataji ukoo hata kidogo. Atalaumu marafiki wa mjini.

Wanasaikolojia nao wana ugomvi huo huo. Kuna wanaosema tabia ya binadamu imechongwa na mageuko, yaani viumbe kubadilika polepole kizazi hadi kizazi, kwa mamia ya maelfu ya miaka, na kupitishwa kwa jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi. Kuna wanaosema binadamu hufundwa, na kwamba jeni zinamwachia nafasi kubwa ya kuwa hivi au vile. Naona kila upande uko sahihi kwenye jambo lake, na kosa huanza pale hoja inapotolewa mahali pake na kupelekwa kwingine. Mageuko yanaeleza vizuri yale tunayofanana sote. Jeni zinaeleza sehemu ya tofauti kati ya mtu na mtu. Kwa nini kabila hili liko hivi na lile liko vile, hakuna hata moja kati ya hizo mbili linalotujibu, na hapo hasa ndipo watu hupenda kuzitumia.

Hoja ya mageuko ina ushahidi mzuri uliokusanywa hapa hapa kwetu Uganda. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Canada, alifika Kampala na kufanya utafiti kupitia taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Alifuatilia watoto wachanga 28 wa akina mama 26 katika vijiji vya Buganda, akiwatembelea majumbani kila baada ya wiki mbili hivi. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa. Ainsworth aliona zaidi ya hapo. Mtoto anayetambaa anashuka mapajani, anakwenda kuchunguza kilichoko chumbani, anageuka kuangalia kama mama bado yupo, kisha anaendelea. Mama akitoka, anaacha kila kitu na kumfuata akilia. Mgeni akiingia, anarudi mbio kung'ang'ania nguo ya mama.

Baadaye aliyaona hayo hayo Baltimore, Marekani. Mwenzake John Bowlby alikuwa na maelezo ya kimageuko: mtoto wa kiumbe anayechelewa kukua, akitangatanga mbali na mama, aliliwa na wanyama, aliyeng'ang'ania alibaki hai na kuzaa. Sijaona maelezo mengine yanayoeleza vizuri zaidi kwa nini kijiji cha Buganda na mtaa wa Baltimore vifanane hivyo. Ila kati ya wale 28, watoto 16 tu ndio walioonekana kumtegemea mama kwa utulivu. Wengine walikuwa watoto wa kulialia hata wakiwa wamebebwa, na wachache hawakuonyesha kushikamana naye bado. Alipotafuta sababu, jibu lilikuwa katika jinsi mama alivyomjali mtoto na kumwelewa. Hitaji ni la wote, lakini namna linavyotimizwa hutofautiana nyumba hadi nyumba.

Sasa twende msitu wa Kibale, ambako hoja hiyo hiyo huanza kupwaya. Mwaka 2010 watafiti wa sokwe wa Ngogo, kundi moja la msitu huo, wakiongozwa na John Mitani, waliripoti kwamba kwa muda wa miaka kumi madume walipiga doria mipakani, wakaua majirani zaidi ya kumi, halafu eneo lao likapanuka kwa asilimia 22. Wako walioisoma ripoti ile wakasema: hii ndiyo asili ya vita vya binadamu. Inawezekana. Lakini bonobo, jamaa wa karibu wa sokwe anayeishi ng'ambo ya mto Congo, ni ndugu yetu wa karibu sawa na sokwe, na vita vya namna hiyo havijaonekana kwake. Anayechagua ndugu mmoja na kumficha mwingine ameshaamua jibu kabla ya kuuliza.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilihusu asali. Mwaka 2009 Thibaud Gruber na wenzake walitoboa tundu refu kwenye gogo, wakajaza asali kiasi ambacho kidole hakifiki. Waliliweka mbele ya sokwe wa Kanyawara, walio Kibale, na wa Sonso, walio msitu wa Budongo. Wa Kanyawara walichukua vijiti, wakachovya na kulamba. Wa Sonso walitumia vidole, na baadhi yao wakatafuna majani na kuyafanya sifongo. Hakuna hata mmoja wa Sonso aliyeshika kijiti. Wote ni sokwe wa jamii ndogo moja, nchi moja, na tatizo walilopewa ni moja. Tofauti ni ya mazoea ya nyumbani. Kama sokwe anayo mazoea ya nyumbani, sijui kwa nini tuwe wepesi kiasi hiki kumnyima binadamu.

Waik, kabila dogo la Kaabong huko Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, walinyimwa. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull aliishi nao katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1972 akachapisha kitabu kilichowaonyesha wakiwapokonya wazee chakula mdomoni. Akahitimisha kwamba wema ni anasa ambayo binadamu huiacha mara moja. Watu waliosoma mbali sana na Karamoja wakakubali: ubinafsi ndio asili yetu, na ushahidi ni watu hawa. Turnbull aliwakuta kwenye njaa kali, wakiwa wameshaondolewa kwenye ardhi yao ya kuwinda ya Kidepo, lakini hilo halikuzingatiwa vya kutosha. Mwaka 1985 Bernd Heine, mtaalamu wa lugha, alipinga picha ile. Mwaka 2020 Cathryn Townsend na wenzake waliripoti kwamba katika jaribio la kugawana, Waik hawakuwa wachoyo kuliko watu wengine. Kilichoitwa asili kilikuwa njaa.

Upande wa jeni nao usidharauliwe. Buganda pacha wa kiume huitwa Wasswa na Kato, na mama yao hubaki Nnalongo maisha yake yote, lakini pacha waliopimwa sana na wanasaikolojia ni wa Ulaya, Marekani na Australia. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya tafiti za jozi za pacha zaidi ya milioni 14 ulipata kwamba, kwa wastani, asilimia 49 ya tofauti za sifa za watu zinatokana na urithi. Ni nyingi, na anayesema malezi ndiyo kila kitu inabidi aijibu namba hiyo. Lakini haina maana kwamba nusu ya ukali wako ni ya babu. Inahusu tofauti kati ya watu wa mazingira yale waliyopimiwa. Urefu hurithiwa kuliko tabia karibu zote, na bado mtoto wa Karamoja aliyedumaa hakudumazwa na babu yake.

Mapema mwaka 2014, akiwa na muswada wa kupinga ushoga mezani, Rais Museveni aliwauliza wanasayansi: mtu huzaliwa hivi au hujifunza? Kamati ya Wizara ya Afya ilijibu kwamba si ugonjwa, na kwamba hakuna jeni moja inayousababisha. Rais alichukua hiyo ya pili kuwa uthibitisho kwamba ni tabia ya kujifunza, akasaini tarehe 24 Februari. Lakini kutumia mkono wa kushoto nako hakuna jeni moja. Pacha wa kufanana huweza kutofautiana, mmoja wa kushoto na mwingine wa kulia, na hakuna mtoto aliyekaa akachagua, ingawa wengi walichapwa shuleni kana kwamba walichagua. Mwaka 2019 uchunguzi wa jeni za watu karibu 500,000 ulikuta hali ya namna hiyo katika mapenzi ya jinsia moja: jeni nyingi, kila moja na mchango mdogo, na mengine yasiyo ya jeni. Swali la Rais lilikuwa na majibu mawili tu, na ukweli haukuwa katika lolote kati ya hayo. Sheria yenyewe ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti mwaka ule ule, kwa sababu akidi ya wabunge haikutimia.