Poda kwenye wigi langu

Wiki mbili kabla ya harusi ya mdogo wangu nilinunua wigi Kariakoo. La bei ya chini, sifichi. Nilipolivaa mbele ya kioo likawaka kama mfuko wa rambo. Nikalipeleka kwa msusi wangu Sinza. Akaligeuzageuza, akacheka, akachukua kopo la poda ya watoto, ile ile anayopaka kinyozi shingoni akimaliza kunyoa. Akanyunyiza, akatoka kulikung'utia nje ya mlango, akapitisha chanuo.

"Mng'ao umekufa, dada. Sasa ni nywele."

Na kweli zilikuwa nywele. Mimi nilicheka kwa sababu nyingine: msusi wangu, bila kujua, alikuwa amefanya kazi ya watumishi wa makabaila wa Ulaya wa karne ya 18.

Watu wale waliishi na unga kichwani. Wigi ililetwa na upara: Mfalme Louis XIII wa Ufaransa nywele zilimtoka angali kijana, akavaa za bandia, mwanawe Louis XIV akaendeleza, na watu wa ikulu, kama kawaida ya watu wa ikulu, wakagundua ghafla kwamba hata wao wanazipenda. Chawa na kaswende, ugonjwa unaong'oa nywele, viliwaongezea sababu. Poda ikaja juu ya hayo yote. Ile ya maana ilikuwa wanga wa ngano uliosagwa na kuchekechwa mpaka ukawa laini kama moshi, ukatiwa harufu ya lavenda au maua ya mchungwa. Kwanza kichwa kilipakwa mafuta ya nguruwe au ya kondoo ili unga upate pa kushika. Kisha mtumishi akaja na mvukuto mdogo, mfano wa ule wa mhunzi, akapuliza. Anayepulizwa amejifunika shuka mwili mzima, na uso ameutumbukiza kwenye pia ya karatasi asije akakabwa na vumbi. Wenye nafasi walitenga chumba kwa shughuli hiyo peke yake. Ukiwaza vumbi hilo kwenye sebule yenye zulia, utawaelewa.

Si wote waliokuwa na wigi. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, ambaye wengi tunadhani alivaa, zile ni nywele zake mwenyewe, za rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, zilizopakwa poda. Na wala tusiwaite wachafu haraka. Wanga hunyonya mafuta, na ukiuchana hutoka na uchafu wake. Shampuu kavu inayouzwa leo kwenye makopo ya kupuliza, nyingine zikiwa na wanga wa mchele, inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Kinachonikwaza mimi ni ngano. Unga ule ulikuwa chakula cha mtu. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alilisema mapema, katikati ya karne ile: wigi zetu zinataka poda, ndiyo maana maskini wengi hawana mkate. Alitia chumvi, kwa sababu bei ya mkate ilipanda kwa mambo mengi kuliko vichwa vya matajiri. Lakini mwaka 1775 Wafaransa walipofanya fujo masokoni na kwenye maduka ya mikate, fujo zilizopewa jina la Vita vya Unga, jaribu kusimama kwenye foleni ile na kichwa cheupe pe!

Uingereza mambo yalichemka mwaka 1795. Mavuno yalikuwa mabaya, mkate umepanda, na vita na Ufaransa vinakula fedha tangu 1793. Waziri Mkuu William Pitt akaja na kodi ya poda ya nywele. Atakayetaka kujipaka aende akaandikishe jina, alipe gini moja kwa mwaka, yaani shilingi 21 za wakati ule, apewe cheti. (Gini yenyewe ilipata jina kutokana na Guinea, pwani ya Afrika Magharibi ilikotoka dhahabu ya kutengenezea sarafu hiyo. Kwa hiyo hata hapo tulikuwepo, kwa namna tuliyozoea kuwepo.) Walioruhusiwa kutolipa ni familia ya kifalme na watumishi wao, makasisi wa kipato kisichofika pauni 100 kwa mwaka, wanajeshi wa vyeo vya chini. Baba mwenye mabinti wengi wasioolewa alilipia wawili tu, wengine wakapita bure. Hicho kipengele nakipenda. Ni wazi kuna mbunge aliyekuwa na mabinti sita.

Waliolipa wakapachikwa jina: nguruwe wa gini, ambalo kwa Kiingereza ndilo jina la simbilisi. Waliogoma wakakata nywele. Duke wa Bedford, kabaila mkubwa na mpinzani wa Pitt, alikata zake fupi bila poda, akawashawishi na rafiki zake, na mtindo ukabeba jina lake. Mwaka 1812 bado watu 46,684 walikuwa wakilipa. Kufika 1855 walibaki 997, karibu wote wakiwa watumishi wa majumbani, waliopakwa poda kwa sababu bosi alitaka mlango wake ufunguliwe na kichwa cheupe. Kodi ilifutwa mwaka 1869.

Watu husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba kodi inaua anasa. Mimi sikubali. Pitt hakuwa na uchungu wa mkate, alikuwa anatafuta fedha za vita, na mtu anayetafuta fedha hapendi bidhaa yake ife. Kilichoiua poda ni aibu. Mwaka ambao jirani anakosa mkate, kutembea na ngano kichwani ni kumtangazia kwamba wewe umebakiza. Kodi iliipa aibu hiyo cheti na bei, basi.

Ndiyo maana nilikasirika Juni 2019, Waziri wa Fedha, Dkt. Philip Mpango, aliposoma bajeti Dodoma na kutangaza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Serikali kutafuta mapato si dhambi. Lakini mtaani kwetu mjadala uligeuka mara moja kuwa wa anasa: wanawake wamezidi, bora wabanwe, warudi kwenye nywele zao. Nywele za nailoni hazijawahi kumnyima mtu ugali. Anayezivaa, kwa wengi ninaowajua, ni mwalimu au karani anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala na hana saa nne za kukaa kwenye kigoda akisukwa. Kumweka kapu moja na Duke ni uonevu.

Nikiri jambo. Mama yangu alikuwa anatia wanga sare zetu za shule, uji mwepesi wa unga wa mhogo, mpaka kola ikasimama kama kadibodi. Hicho nacho kilikuwa chakula, na sikumbuki mtu aliyelalamika. Vijiko viwili. Labda hoja yangu yote inakaa kwenye ujazo wa kijiko.

Poda yenyewe imerudi kwa sura mpya. Vinyozi wa kisasa wana vichupa vya poda ya silika, madini yanayopatikana kwenye mchanga, unanyunyiza kwenye mizizi na nywele laini zinasimama, zinaonekana nyingi. Kwa nywele za singa ni ajabu kweli. Kwa zetu za kipilipili sioni kazi yake: mafuta ya kichwa hayatelezi kwenye nywele iliyojikunja, sisi shida yetu ni ukavu, na poda inakuacha na kichwa cha mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Na lile kopo la msusi? Zamani poda ya watoto ilikuwa jiwe la talki lililosagwa. Baada ya miaka ya kesi za saratani Marekani, Johnson & Johnson waliacha kuuza ya talki duniani kote mwaka 2023, wakahamia wanga wa mahindi. Sembe, kwa hiyo. Tumerudi kwenye chakula.

Harusi ilikuwa Mbagala, mchana wa Februari, feni mbili kwa watu mia tatu. Kufika wakati wa keki nilikuwa natiririka. Shangazi akanivuta pembeni, akashika ncha ya khanga yake akanipangusa nyuma ya shingo, akaitazama ile khanga.

"Wewe mtoto, huu unga umetoka wapi? Si nilisema maandazi yaachiwe wapishi?"