Kupiga ultrasaundi tu haitoshi
Eti mama akishapiga ultrasaundi basi moyo wa mtoto umeshajulikana kama ni mzima, hapo nakataa, mi nafanya kazi hiyo na wengi wanakuja mimba ya miezi nane wanataka kujua jinsia na mtoto kalalaje, wakati moyo unaangaliwa vizuri wiki ya 18 mpaka 22, na hata hapo ukiishia kuangalia vyumba vinne vya moyo tu, mishipa mikubwa ya moyo iliyobadilishana nafasi inakupita hivi hivi, lazima uifuate mpaka pale inapotoka kwenye moyo. Karibu mtoto 1 kati ya 100 anazaliwa na tatizo la moyo jamani! Likijulikana mapema mama anapangiwa kujifungulia hospitali ya Muhimbili, JKCI, yaani Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iko palepale, sio mtoto midomo imeshakuwa ya bluu ndo rufaa inaandikwa. Nyie wenzangu kliniki mlipimwa mimba ina wiki ngapi, na kuna aliyeelezwa chochote kuhusu moyo?