Uwele wa getini

Bibi jirani yangu hapa Nzuguni, Dodoma, alisimama getini kwangu asubuhi moja, mkono kiunoni. Nikamwamkia, "Mbukwenyi, bibi." Akaitika, kisha akauliza kilichomleta: "Mjukuu wangu, uwele gani huu unapandwa barabarani? Unawafugia kwelea kwelea?"

Nilicheka, ila bibi hakuwa mbali na ukweli. Nyasi zile za rangi ya damu ya mzee, zenye masuke yanayoinama kama mkia wa paka, ni ndugu wa uwele. Kwa miaka mingi wataalamu waliziita Pennisetum setaceum; siku hizi wameziingiza kwenye jamii ya Cenchrus, humo humo walimo uwele na majani ya tembo. Mimi nilizinunua kwa kunyoosha kidole tu: "Nipe kiriba cha hayo mekundu."

Msimamo wangu ni huu: kapeti la ukoka Dodoma ni kujitesa. Wengi tuliohamia huku kuanzia 2016 tulibeba kichwani bustani za Dar, mji wenye masika na vuli. Hapa mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni ukavu na upepo unaopasua midomo. Kapeti langu, hatua nane kwa tano, lilikuwa linakunywa madumu kumi ya lita 20 kila jioni, na mtaani kwetu maji ni ya mgao. Mwezi wa tisa nikajikuta nalipia boza ili ninyweshe majani, na mbuzi wenyewe sina. Niliona aibu peke yangu.

Hizi nyasi nyekundu, zinazoota kwa mashina, nazo nilianza nazo vibaya. Nilizipanda Julai, kipupwe kimekolea, halafu nikazihurumia: maji asubuhi, maji jioni, samadi ndoo nzima kila shina. Zikanenepa, zikalala chini kama walevi. Mashina mawili niliyoyaficha chini ya mwarobaini yakapoteza wekundu, yakawa ya kijani kilichochoka. Kufika Novemba, kijana niliyemwita afyeke uani akazikata zote pamoja na magugu, zikabaki visiki vya urefu wa kiganja. Nilimlipa nikiwa nimenuna. Mvua za Desemba zilipogusa vile visiki, vikachipua kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona, na kufikia Februari masuke yalikuwa yananifika kifuani. Tangu hapo kila Novemba nazikata mwenyewe.

Kwa hiyo sasa nasubiri mvua ilowanishe ardhi, nachimba shimo pana kuliko kiriba mara mbili, na shina nalikalisha usawa ule ule lilivyokuwa kwenye kiriba. Ukilizika zaidi, linaoza. Kutoka shina hadi shina ni hatua moja kubwa, mahali penye jua kutwa na pasipotuama maji. Samadi kiganja kimoja, basi. Kiangazi cha kwanza kila shina nalimwagia nusu ndoo kwa wiki, maji yazame kweli, si kunyunyiza juu juu. Likishazoea, unaweza kulisahau wiki mbili.

Baada ya miaka kama mitatu, katikati ya shina panaota upara. Hapo mvua zikianza ling'oe kwa sululu (jembe litakuchosha bure), ligawe vipande vinne, kila kimoja na mizizi na machipukizi yake, majani uyapunguze yabaki shibiri moja.

Chagua aina nyekundu. Ile aina ya kijani asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, Afrika Kaskazini hadi Arabuni, na mbegu zake hupeperuka kama usufi. Huko Hawaii imesambaa hadi kwenye miamba ya volkano, na ikikauka inabeba moto. Nyekundu ni nadra kutoa mbegu inayoota, ndiyo maana huzalishwa kwa kugawa mashina. Kwelea kwelea wa bibi wangekufa njaa kwangu.

Juzi bibi amerudi na kiroba. Anataka shina la kupanda pale maji ya mvua yanapochimba ukuta wake. Nimemng'olea mawili. Alipofika getini akageuka: "Una hakika haya hayazai?"