Kudai Zana Uliyoazimisha: Nani Aone Haya?

Katika Biblia, Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, watu wanakata miti kando ya Mto Yordani, na chuma cha shoka la mmoja wao kinachomoka na kuzama majini. Anachomlilia nabii Elisha si kazi iliyosimama. Analia kwa sababu lile shoka alikuwa ameliazima. Nabii anatupa kijiti majini, chuma kinaelea, yule mwazimaji anakiokota.

Nakipenda kisa hicho kwa sababu ya uchungu wa yule mwazimaji. Wengi wanaokaa na zana za watu si wezi wala si wabaya, ila hawana uchungu ule. Drili inakaa kwa rafiki mwezi, miezi mitatu, mwaka, na hakuna anayelia. Anayeumia ni mwenyewe, tena anaumia kimyakimya, kwa sababu tumejifunza kwamba kudai kitu kidogo kwa rafiki ni aibu. Ndiyo maana watu wamegawanyika: wapo wanaosema zana haziazimishwi kabisa, na wapo wanaosema zana isiyoazimishwa ni uchoyo. Mimi nasema rafiki aazimishwe, lakini kazi ya kuhakikisha zana imerudi ni ya mwenye zana, na inaanza dakika ile ile anapoitoa mkononi.

Tuwasikilize kwanza wanaokataa, maana wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Tatizo lao kubwa si kupotea kwa zana, ni kurudi kwake ikiwa imeharibika bila aliyeiharibu kujua. Chukua patasi ya seremala. Makali yake yamenolewa kwa mteremko wa nyuzi 25 hadi 30, na yakikaa sawa yanakata mbao laini kwa kusukumwa kwa mkono tu. Rafiki anaiazima kurekebisha mlango. Ndani ya fremu kuna msumari uliozibwa rangi, hauonekani. Patasi inaugonga mara moja, na kwenye makali panatoka pengo dogo kama punje ya mchanga. Jioni anairudisha, ameifuta vizuri, anashukuru kwa moyo wake wote. Kwa macho yake hakuna kilichobadilika. Lakini ili kuliondoa pengo lile, mwenyewe lazima ausage ukingo wote wa patasi mpaka afike chini ya pengo, kisha arudishe mteremko, kisha anoe upya. Akiharakisha kwenye jiwe la mashine, chuma kinapata moto na kugeuka buluu, na hapo ugumu wake umekwisha, hakishiki makali tena mpaka sehemu ile yote isagwe. Patasi imekuwa fupi, saa nzima imepotea, na hakuna hata mmoja aliyekosa adabu.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. Msumeno wa mbao unapitishwa kwenye ubao wenye misumari. Spana ya kupimia kiasi cha kukaza inatumiwa kulegeza nati zilizoshika kutu, na tangu hapo vipimo vyake si vya kuaminika, ingawa kwa nje iko vile vile. Mwiko na toroli vinaachwa na saruji usiku kucha, na saruji haioshiki ikishashika. Betri ya drili inamalizwa kabisa, inarudishwa ikiwa tupu, inakaa hivyo miezi mingi mpaka chaja inakataa kuitambua. Anayeazima anaona kifaa. Mwenyewe anaona hali ya kifaa, na hali hiyo ndiyo aliyoilipia na kuitunza.

Kuna pia usalama, na hapa sina utani hata kidogo. Grainda, ile mashine ya diski ya kukatia na kusagia chuma, mkononi mwa mtu asiyeizoea ni hatari. Wapo wanaoifungua kinga ili diski ifike pembeni, wapo wanaofunga diski kubwa kuliko mashine, au diski ambayo kasi iliyoandikwa juu yake ni ndogo kuliko ya mashine. Diski ikipasuka, vipande havina rafiki. Mtu akikataa kumpa grainda rafiki ambaye hajawahi kuishika, huyo hajamnyima kitu, amemlindia macho.

Na yupo yule ambaye zana ndiyo kazi yake. Fundi akiazimisha drili yake siku ya mapumziko, na isipate kurudi kabla ya siku ya kazi, hajapoteza kifaa tu, amepoteza siku. Kwa mtu kama huyu jibu la "hii ni ya kazi, haitoki" linajitosheleza. Rafiki anayechukia jibu hilo hajafikiria ule mkoba unamlisha nani.

Hoja zote hizo nazikubali, lakini hazinifikishi kwenye kufunga mlango. Zana nyingi za nyumbani hulala. Ngazi ndefu, jeki, mashine ya kupiga msasa, jiriwa, msumeno wa mabomba: mtu anavinunua kwa kazi moja, vinatumika siku mbili, halafu vinashika vumbi hadi kazi nyingine itokee. Haingii akilini kwamba kila nyumba ya mtaa mmoja inunue ngazi yake ya kuangalia paa mara moja kwa mwaka. Na asiye na uwezo wa kununua hatanunua, ataning'inia kwenye kiti kilichopandishwa juu ya meza. Kumnyima ngazi mtu huyo kwa sababu mwaka juzi mwingine alichelewesha jeki ni kumhukumu kwa kosa lisilo lake.

Tena ushahidi kwamba zana zinaweza kuzunguka na zikarudi upo. Maktaba ya umma ya mji wa Berkeley, jimbo la California nchini Marekani, imekuwa ikiwaazimisha wakazi zana tangu mwaka 1979, kama inavyoazimisha vitabu, na mpango huo bado uko hai. Baadaye miji mingine, Toronto ya Kanada na Edinburgh ya Uskoti ikiwemo, ikapata maktaba zake za zana. Wanaoazima pale ni watu kama sisi, wenye usahaulifu kama wetu. Tofauti ni kwamba kuna jina lililoandikwa, kuna tarehe ya kurudisha, na mhudumu haoni haya kukumbusha. Kati ya marafiki vyote vitatu huwa havipo, kisha tunashangaa drili imekwenda wapi. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali la nani abebe hasara ni la kale kuliko drili, na waliolifikiria kabla yetu hawakukubaliana. Kabla ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, Mtume Muhammad aliazima deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani, kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu. Mapokezi mashuhuri yanasema Safwan aliuliza kama zinachukuliwa kwa nguvu, akajibiwa kwamba hapana, ni azima yenye dhamana. Ninachokiona hapo ni kwamba mwenye mali aliuliza waziwazi, tena mbele ya mtu mwenye jeshi, na akajibiwa waziwazi.

Hata hivyo wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, walitofautiana kwa madhehebu yao kuhusu azima ya kawaida. Kwa Mahanafi, kitu cha kuazima ni amana: kikiharibika bila uzembe wala kuvuka mipaka, mwazimaji hadaiwi. Kwa Mashafii anadaiwa, isipokuwa uharibifu uliotokana na matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Wamaliki wakatazama aina ya kitu: kinachoweza kufichwa, kama nguo au chombo, mwazimaji anakidhamini mpaka alete ushahidi kwamba kimepotea bila kosa lake, kisichofichika, kama mnyama, hapana. Kwa zana za mkononi naona Wamaliki wameshika jambo lenyewe. Bisibisi na koleo huingia kwenye droo zikachanganyika na za mwenye nyumba, na baada ya miezi sita hakuna anayejua ni za nani. Ngazi iliyoegemezwa ukutani inajisemea yenyewe.

Warumi nao waliangalia matumizi. Mwanasheria Gaius, wa karne ya 2, aliandika kwamba aliyeazima farasi wa kupanda kisha akampeleka mbali kuliko walivyokubaliana, au vitani, anafanya wizi, ikiwa anajua kuwa mwenyewe asingekubali. Maneno hayo ni makali, na mimi rafiki yangu sitamwita mwizi kwa kupasulia zege drili niliyompa ya mbao. Lakini kipimo chenyewe ni cha haki: uliomba kwa kazi gani, umeitumia kwa kazi gani, na ulijua ningesema nini?

Lililo karibu zaidi na maisha yetu liko katika Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 22. Aliyeazima mnyama, na mnyama akaumia au akafa mwenye mnyama akiwa hayupo, lazima alipe. Mwenyewe akiwa pamoja naye, halipi. Ningependa kila mwenye grainda au patasi nzuri aishike kanuni hiyo, kwa sababu inafungua njia ambayo pande zote mbili huisahau: zana haitoki peke yake, inatoka na mwenyewe. "Grainda siitoi, ila Jumamosi asubuhi nitakuja nayo, tutakata pamoja." Rafiki anapata kazi yake, anajifunza kuishika mashine, kinga inabaki mahali pake, na saa sita mchana mashine iko nyumbani. Gharama ni asubuhi moja, na asubuhi ya kumsaidia rafiki si hasara.

Kwa zana nyingine, mazungumzo yafanyike mlangoni, kabla ya kuitoa. Nauliza ni ya kazi gani. Mtu asiyetaka kuulizwa hivyo ananishangaza, kwa sababu nikijua anatoboa ukuta wa zege nitampa biti inayofaa, na nikijua ni chuma nitampa nyingine, naye hatachoma biti bure. Vinavyolika kwa kutumika, kama diski, msasa na biti nyembamba, ajinunulie. Mashine ni yangu, kinacholika ni chake. Kisha siku. Si "ukimaliza," kwa sababu kazi za nyumbani haziishi, huwa zinasimama tu. Aseme Jumapili, au aseme Ijumaa. Mpige picha akiwa ameishika, mcheke pamoja, na picha itakumbuka siku ambayo ninyi wawili mtaisahau. Jina lichongwe kwenye mpini au lipakwe rangi, hasa kwa nyundo, tupa na spana, ambazo zote zinafanana.

Basi siku imepita na zana haijarudi. Hapa ndipo urafiki unapoharibika, na hauharibiwi na drili. Mwenyewe anaona haya kudai. Aliyeazima naye, ikipita wiki mbili, anaanza kuona haya kurudisha kwa kuchelewa, hivyo anasubiri apate nafasi ya kuomba radhi vizuri, na nafasi haiji. Ikipita miezi, anaanza kukwepa simu. Wote wawili wanalindana, na kwa kulindana huko wanaachana. Simu moja ya siku ya pili ingemaliza mambo. Ipigwe mapema, kabla hasira haijaingia kwenye sauti: "Ndugu yangu, ile drili ulishamaliza nayo? Naipitia kesho jioni." Usiseme tu kwamba unaihitaji, sema unaifuata lini. Kuifuata mwenyewe si kujishusha. Wakati mwingine mtu hana usafiri, au ngazi ni ndefu, au mtoto anaumwa, na ukifika unakuta zana imewekwa tayari nyuma ya mlango siku nyingi.

Wapo watakaosema rafiki wa kweli hakumbushwi, na akikumbushwa amedharauliwa. Naielewa hisia hiyo, lakini siikubali, kwa sababu inamtaka mwenye mali achague kati ya mali yake na amani yake, na aliyeazima hachagui chochote. Haya ingefaa ikae upande wa aliyeshika kitu cha mwenzake.

Ikirudi, ijaribiwe papo hapo, wote mkiwepo. Iwashe, izunguke, fungua sanduku uone kama biti zimetimia, pitisha kidole ubavuni mwa patasi. Ukikuta kasoro, iseme wakati huo huo kwa upole. Kasoro iliyogunduliwa wiki mbili baadaye haina ushahidi, inabaki kuwa shutuma. Akisema mwenyewe kabla hujaona, "nimegonga msumari, tazama," mtu huyo aazimishwe tena na tena, na la pengo mtalimaliza kwenye jiwe la kunolea mkiwa pamoja. Aliyeharibu akanyamaza, mara ya kwanza aelezwe. Mara ya pili apewe ngazi na toroli, patasi ibaki ndani.

Lipo jambo moja ambalo kwangu halina upande wa pili, nalo ni kuazimisha cha kuazima. Rafiki anampa shemeji yake drili yangu, shemeji anampa jirani, na nikiuliza naambiwa iko kwa mtu nisiyemjua hata jina. Hapo siendi kwa jirani wala kwa shemeji. Namdai niliyempa mimi, aifuate huko iliko, na kama imepotea anilipe au aninunulie nyingine, hata kama hakuigusa yeye ilipoharibika. Nilimwamini yeye, na hao wengine hakuna aliyeniuliza.